Kalavati la Nje

Kwenye geti kuu la chuo nilichosoma, Dar es Salaam, kulikuwa na kaunta buku yenye jalada jeusi. Mlinzi wa zamu aliandika humo kila kilichopita: namba ya gari, jina la dereva, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Ukiingia na kompyuta mpakato, inaandikwa aina yake na namba iliyobandikwa chini. Friji dogo likitoka hosteli, linahitaji barua ya Mshauri wa Wanafunzi. Kwaya ikiazima viti vya plastiki, vinahesabiwa vikitoka na kuhesabiwa tena vikirudi. Kwa miaka yote mitatu niliyokaa pale sikuwahi kusikia kwamba kiti kimepotea.

Nilipata nafasi ya kulitazama daftari lile kwa karibu usiku mmoja wa mwaka wa pili, mwenzangu wa chumba alipoporwa. Alikuwa anatoka kwenye kipindi cha jioni, saa 2:30 usiku, akapita kwenye kalavati lililo kati ya ukuta wa chuo na mtaa tuliokuwa tumepanga. Vijana wawili walitokea majanini. Mmoja alimkaba shingo kwa nyuma, mwingine akavuta mkoba. Humo mlikuwa na simu, kadi ya benki, kitambulisho cha chuo na daftari la takwimu lenye mazoezi ya muhula mzima. Alifika geto na kiatu kimoja. Hakulia. Alikaa kitandani akijishika shingo, kisha akasema, "Twendeni tukawaambie."

Tulirudi getini watu watano. Mlinzi alikuwa mzee mpole, tuliyezoea kumsalimia kila siku.

"Shikamoo baba."

"Marahaba wanangu. Kulikoni usiku huu?"

Mwenzangu akaeleza. Mzee akafungua daftari, akapiga mstari kwa rula, akaandika tarehe na saa. Kisha akauliza, "Imetokea wapi hasa?"

"Pale kwenye kalavati."

"La ndani au la nje?"

"La nje."

Kalamu ikasimama. "Pole sana mwanangu. La nje si letu." Akaukata ule mstari alioanza kuuandika. Kabla hatujaondoka gari likapiga honi, naye akaandika namba yake chini ya mstari uliokatwa.

Sina kinyongo na mzee yule. Alilinda saa kumi na mbili kwa siku, silaha yake kirungu na filimbi, na zamu ikiisha alipita kwenye kalavati lilelile kwenda kupanda daladala. Alikuwa ameelekezwa kwamba lindo lake linaishia ukutani, akalifuata elekezo. Ila tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza swali moja: chuo kinapotamka neno usalama, kinamaanisha usalama wa nani?

Wengi wetu tuliishi nje. Si kwa kupenda starehe, kama baadhi ya wazazi wanavyodhani, bali kwa sababu vitanda havitoshi. Hosteli za Magufuli katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizofunguliwa Aprili 2017, zilijengwa kuchukua wanafunzi 3,840. Huo ni mradi mkubwa, na bado kuna wanafunzi wa chuo hicho wanaopanga mitaani. Vyuo vidogo hali ni ngumu zaidi. Ukikosa kitanda, unatafuta wenzako wawili, mnachangia kodi ya chumba kimoja, mnanunua jiko la gesi na ndoo. Asubuhi wewe ni mwanafunzi mwenye kitambulisho shingoni. Jioni ukivuka geti unakuwa mpangaji wa mtaani, mtu wa kalavati la nje.

Kesho yake tulikwenda kituo cha polisi. Askari alitupokea vizuri. Aliuliza kama mwenzangu anaikumbuka namba ya utambulisho ya simu, kama ana risiti, kama aliwaona sura. Majibu yalikuwa hapana, hapana, na hapana. Akatushauri kwamba kwa kuwa tunachohitaji haraka ni kurudisha laini na kadi ya benki, basi tuchukue ripoti ya upotevu, ni rahisi na inakubalika kote. Tukaichukua. Ilisema kwamba mhusika amepotelewa na simu moja, kadi moja na kitambulisho kimoja.

Amepotelewa. Mwenzangu alilisoma neno lile tukiwa kwenye bajaji, akalisoma tena, akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake. "Kwa hiyo nilikabwa na nani," akauliza, "na uzembe wangu?"

Ndivyo tukio linavyofutika, bila mtu yeyote kusema uongo. Getini halikuandikwa kwa sababu lilitokea nje. Polisi liliandikwa, lakini likabadilishwa kitenzi. Ukienda mwisho wa mwaka kuuliza ni wanafunzi wangapi waliporwa karibu na chuo kile, jibu la kweli kwa mujibu wa karatasi litakuwa: hakuna. Na pale ambapo karatasi inasema hakuna, nani atapeleka taa?

Kitu kingine huja kujaza nafasi hiyo. Wiki mbili baadaye, saa 1 usiku, tulisikia kelele za "Mwizi! Mwizi!" nyuma ya nyumba yetu. Tulipotoka, kijana wa miaka kama 17 alikuwa amelala kwenye vumbi, amezungukwa na watu wenye fimbo na matofali, na mmoja alikuwa anavingirisha tairi. Wanafunzi walikuwemo. Mtu akatuita, "Yule dada aliyeporwa yuko wapi? Aje amtambue!"

Mwenzangu alikuwa anakaanga dagaa. Alikuja na mwiko mkononi. Wakammulika kijana kwa tochi ya simu, uso wake ukiwa umeshavimba kiasi kwamba hata mama yake asingemtambua.

"Simjui," akasema mwenzangu. "Siku ile kulikuwa na giza, sikuona sura ya mtu."

"Wote hao ni walewale!" sauti ikajibu kutoka nyuma.

Aliyemwokoa kijana yule hakuwa msomi yeyote kati yetu. Alikuwa mama lishe wa pale kona, mama mnene mwenye khanga kiunoni, aliyepita katikati ya watu, akakaa chini kando ya kijana na kuweka kichwa chake mapajani. "Huyu anaosha magari pale barabarani," akasema. "Mkitaka kuchoma, chomeni na mimi." Watu wakasita. Kule kusita kukampa mjumbe muda wa kufika. Kijana akapakiwa kwenye bajaji na kupelekwa kituoni, kisha hospitali. Alipona. Siku mbili baadaye bosi wake alisema kwamba usiku wa kalavati kijana alikuwa kazini mpaka saa 5. Tuliweza kulipima neno lake kwa sababu mwenzangu aliikumbuka saa. Hiyo tu, saa 2:30, ndiyo iliyokuwa kumbukumbu pekee ya tukio lile duniani, na ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Hofu isiyo na taarifa inaua, na haichagui mtaa wala chuo. Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi ya kabla ya Pasaka, magaidi wa al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, alfajiri. Walianza kwa kuwapiga risasi walinzi wa getini. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Siku kumi baadaye, katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, hitilafu ya umeme ilitoa mlipuko kabla ya kupambazuka. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka kutoka ghorofani na kukanyagana. Mwanafunzi mmoja alikufa, zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Hapakuwa na mvamizi hata mmoja. Novemba mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Strathmore kiliendesha zoezi la kujiandaa na shambulio. Wengi waliosikia milio ya risasi hawakujua kwamba ni zoezi, wakaruka madirishani, na mfanyakazi mmoja akafariki. Katika misiba hiyo miwili ya mwisho hakuna ukuta uliovunjwa. Kilichokosekana ni neno moja la kuaminika, kwa wakati, kutoka kwa mtu anayejua.

Baada ya usiku wa tairi, tuliamua kuandika. Tulianza na kundi la WhatsApp la wanafunzi waliopanga mtaani, kisha tukanunua daftari letu la kurasa mia moja. Tulichora safu tano: tarehe, saa, mahali, kilichotokea, kilichofanyika baadaye. Majina hatukuandika, ya walioporwa wala ya walioshukiwa. Tulikubaliana pia kwamba haliandikwi neno "amepotelewa" kama mtu alikabwa.

Nikitafuta namna wengine walivyofanya, nilikutana na habari ya Jeanne Clery. Alikuwa na miaka 19, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania, nchini Marekani. Alfajiri ya tarehe 5 Aprili 1986 alibakwa na kuuawa chumbani kwake, bwenini. Muuaji alikuwa mwanafunzi mwenzake. Alipita milango mitatu iliyotengenezwa kujifunga yenyewe, ambayo yote ilikuwa imeegeshwa wazi kwa vitu vilivyowekwa kuizuia isifunge. Baadaye wazazi wake waligundua kwamba katika miaka mitatu iliyotangulia kulikuwa na matukio 38 ya ukatili katika eneo la chuo, na wanafunzi hawakuwa wameambiwa. Wazazi wale wangeweza kudai ukuta mrefu zaidi. Wao walidai taarifa. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria, ambayo leo inaitwa kwa jina la binti yao, inayovilazimu vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kwa ajili ya wanafunzi kutangaza takwimu za uhalifu kila mwaka, kuweka wazi rejista ya matukio ya kila siku, na kuwaonya wanafunzi mapema panapotokea tishio.

Niliisoma habari ile maktaba, nikaenda mpaka kwenye kipengele kinachoeleza ni maeneo gani yanahesabiwa. Yanahesabiwa ya ndani ya chuo, majengo mengine ambayo chuo kinayamiliki au kuyasimamia, majengo ya vikundi vya wanafunzi vinavyotambuliwa na chuo, na maeneo ya umma yanayopakana na chuo moja kwa moja. Chumba ambacho mwanafunzi amejipangia mwenyewe mitaa miwili mbele hakimo. Kumbe hata kule, penye sheria na rejista, lipo kalavati la nje.

Hata hivyo wazo lilikuwa limekamilika kichwani. Ukiliandika tukio, linaacha kuwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Hadi muhula unaisha daftari letu lilikuwa limejaa kurasa sita, na kurasa zile zilisema mambo ambayo hakuna aliyekuwa ameyaona akiwa peke yake. Karibu matukio yote ya uporaji yalitokea sehemu mbili: kwenye kalavati, na kwenye kona ya nyuma ya ukuta ambako taa ya barabarani ilikuwa imekufa. Yalizidi wiki ambayo boom limeingia. Na saa zilikuwa zilezile, kati ya saa 2 na saa 3 usiku.

Kwa nini saa hizo? Jibu lilikuwa kwenye geti dogo. Chuo kilikuwa na geti dogo upande wa mtaani, linalotokea moja kwa moja kwenye maduka, penye watu na mwanga. Lilifungwa saa 12 jioni. Tangazo lililobandikwa pale lilisema: kwa sababu za kiusalama. Vipindi vya jioni viliisha saa 2. Kwa hiyo kila jioni mamia ya wanafunzi waliokuwa na mlango wa kutokea kwenye mwanga walizungushwa geti kuu, wakashushwa kwenye majani na kalavati. Vibaka hawakuhitaji ujuzi wowote. Walihitaji ratiba ya vipindi tu, na hiyo ilikuwa imebandikwa ubaoni.

Tulipeleka nakala mbili. Ya kwanza tulimpelekea mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukiwa na wasiwasi, kwa sababu chuoni tulizoea kusema "vibaka wa mtaani" kana kwamba mtaa mzima ni kibaka. Mwenyekiti alisoma kimya, kisha akafungua droo na kutoa karatasi zake. Akina mama wanaokwenda sokoni saa 10 alfajiri wameporwa mitaji palepale. Fundi cherehani amenyang'anywa vitambaa vya wateja palepale. Mwenyekiti alikuwa ameandikia chuo kuhusu majani na taa, akajibiwa kwamba wanafunzi wanaonywa wasipite maeneo hatarishi.

"Na nyie mnasema sisi ndio hatari," akatuambia, akicheka kidogo. "Sisi tulidhani shida yetu haiwahusu wasomi."

Jumamosi iliyofuata tulifyeka majani pamoja, wanafunzi na wenyeji, mama lishe akapika uji. Wenye nyumba wawili wakachangia taa za sola. Yule kijana wa kuosha magari naye alikuja na panga la kufyekea. Watu wengine walikosa pa kuelekeza macho. Yeye alifyeka.

Nakala ya pili tuliipeleka ofisi inayohusika na usalama chuoni. Kabla ya kuipeleka tulibishana usiku kucha, kwa sababu kurasa za mwisho hazikuwa za kalavati. Hatukuwa tumemwomba mtu yeyote aandike habari za namna hiyo. Lakini daftari likishafunguliwa, watu huandika kinachowauma. Mistari mitatu, kwa miandiko mitatu tofauti, ilisema karibu jambo moja. Mahali: ofisi, ghorofa ya pili. Saa: 11 jioni na zaidi. Kilichotokea: niliitwa kuhusu matokeo, mlango ukafungwa. Kilichofanyika baadaye: hakuna.

Tanzania ina sheria inayolitaja jambo hilo. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinafanya kuwa kosa la jinai kwa mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe huduma au upendeleo. Baadaye Serikali ilivitaka vyuo vianzishe madawati ya jinsia, na hiyo ni hatua ya kushukuru. Ila dawati hungoja mtu aje, na mtu huja pale anapojua kwamba hayuko peke yake. Wale watatu hawakuwa wakijuana. Kila mmoja alidhani ni yeye tu, mpaka alipoona mstari ulio juu ya mstari wake. Ukuta hauna msaada hapo. Anayeogopewa hapandi ukuta usiku. Anaingia asubuhi kwa gari, namba yake inaandikwa vizuri kwenye kaunta buku, na mlinzi anampigia saluti.

Kurasa zile tulizipeleka, kwa ridhaa ya walioziandika. Jibu la chuo lilikuja baada ya miezi miwili. Barua ilisema kwamba eneo la kalavati liko nje ya mipaka ya taasisi. Ikaongeza kwamba, katika jitihada endelevu za kuboresha huduma, geti dogo sasa litafungwa saa 2:30 usiku. Orodha yetu haikutajwa. Ghorofa ya pili haikutajwa. Lakini geti dogo lilifunguliwa kweli, na wiki ya kwanza watu walipita pale wakicheka kwa sauti, kama wanaotoka mpirani. Ukurasa wa muhula uliofuata ulikuwa na mistari michache ya kalavati. Ule wa ofisi haukupungua.

Mwaka wetu wa tatu, wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya, walikusanywa ukumbini wakapewa nasaha zilezile tulizopewa sisi: msitembee peke yenu usiku, msioneshe simu barabarani, msipande bodaboda msiyemjua, kuweni makini. Ni nasaha njema. Ila zote zinamwelekea anayeporwa, kana kwamba uhalifu ni mtihani na yeye ndiye mtahiniwa. Sisi tulisimama nje ya ukumbi na karatasi moja moja. Ilikuwa na mchoro wa njia za kwenda mtaani, taa zilipo, saa zenye matukio mengi, namba ya mjumbe, na jina la kibanda cha mama lishe ambapo mtu anaweza kukaa akisubiri wenzake. Mstari wa mwisho ulisema: ukiitwa ofisini baada ya saa 11 jioni, nenda na mwenzako, na mlango ubaki wazi.

Binti mmoja, begi la safari bado mkononi, aliisoma karatasi mpaka chini. Akainua macho. "Samahani dada. Hii ya ofisi, ni ofisi gani?"

Tukatazamana. Kisha mwenzangu, yule wa kalavati, akampokea begi, akamsogeza kando kwenye kivuli cha mwembe, na kumwambia.